Giza tupu halafu eti muvi ya kutisha

Jamani hizi muvi za bajeti ndogo za Halloween (ile siku ya kutishana ya Wazungu, Oktoba 31) mbona ni giza mwanzo mwisho? Stori yenyewe tamu, kuna jitu la mtaani watoto wote wameonywa wasipite kwake usiku, halafu likitokea huoni kitu zaidi ya sura yako mwenyewe kwenye skrini. Na sauti sasa! Wananong'ona weee, unaongeza volyumu, ghafla mlango BAAAM, nyumba nzima imeamka. Msisingizie hela bwana, dairekta John Carpenter mwaka 1978 alitengeneza muvi inayoitwa Halloween kwa kama dola laki 3 hivi, barakoa ya muuaji ilikuwa ya sura ya Captain Kirk, yule nahodha wa chombo cha angani kwenye Star Trek, wakaipaka rangi nyeupe basi, na watu waliogopa kweli. Washeni hata taa moja tuone tunachoogopa!