Kelele tunaziogopa, ukimya tunausifu

Zilibaki siku nne tu kufika Idi. Sebuleni kwangu, ambako ndiko karakana yangu, kulikuwa na wateja watatu, vyerehani viwili na mtoto wa mwaka na miezi minane aliyelishika gauni langu kwa nyuma kama kondakta aliyening'inia mlangoni. Pini ziko mdomoni mwangu. Kugeuka, namkuta ameshika mkasi, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Nikamnyang'anya. Akafungua mdomo alie, sauti haikutoka. Akakaza mwili, midomo ikabadilika rangi, akanilegea mikononi kama kanga iliyotoka kwenye beseni.

Mmoja akasema degedege hiyo. Mwingine akadai kitunguu, mtoto anusishwe. Wa tatu, aliyekuwa amevaa gauni lililojaa pini, akaanza kumsomea Ayatul Kursiy, na kabla hajaifikisha katikati Bwana Mdogo akavuta pumzi, akalia kilio cha mtaa mzima, kisha akanitazama kama mdaiwa aliyemkwepa. Haikufika hata dakika moja. Mimi ilinichukua saa nzima kurudisha mikono isitetemeke, na gauni lile mpaka leo lina mshono uliopinda kwenye kwapa.

Kesho yake tulikwenda hospitali, na yeyote ambaye mwanawe atafanya hivyo kwa mara ya kwanza naye aende, asiniamini mimi fundi cherehani. Daktari aliuliza kama alikuwa na homa. Hakuwa nayo. Akauliza kama alianza kulia kwanza ndipo akalegea. Ndiyo. Akaeleza kwamba wapo watoto wadogo ambao wakikasirika au wakishtuka sana pumzi hukatika katikati ya kilio, hawafanyi makusudi, na wengi huacha kabla ya kufika umri wa shule. Akampima wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma unaweza kuizidisha hali hiyo. Ilikuwa pungufu kidogo. Tukapewa dawa, tukarudi nyumbani.

Lakini wiki nzima iliyofuata mtaani haikuzungumzwa habari nyingine. Kila aliyepita alikuwa na dawa, na kila aliyekuwa na dawa alikuwa na lawama pia: nimemzoesha mikono, nimemlea kwa deko, mtoto wa kiume hagandi kwa mama namna hiyo. Na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyegusa jambo lililokuwa linaninyima usingizi. Mwanangu, kwa umri ule, alikuwa na neno moja tu. "Nga." Maji ni nga, paka ni nga, baba yake ni nga. Nilipolitaja mimi mwenyewe, wote wakatulia, wakatabasamu. Atasema tu huyo. Wavulana huchelewa. Baba yake naye alisema na miaka mitatu, na leo nani anaweza kumnyamazisha?

Hapo ndipo ugomvi wangu na sisi walezi wa Kibongo ulipoanzia. Wasiwasi wetu tumeuvaa nje ndani. Mtoto akigalagala sokoni tunaita ndugu. Akikaa kimya hajibu jina lake tunamsifia utulivu.

Nianze na hilo la kuganda. Katika miaka ya 1950 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alikwenda Uganda akafuatilia kina mama 26 na watoto wao katika vijiji vya karibu na Kampala. Akakaa nao majumbani akatazama. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchungulia kitu, anageuka kumwangalia mama, anarudi, anamgusa, anaondoka tena. Mama ni kituo. Kazi yake ya baadaye kule Marekani, ambayo wataalamu wa malezi duniani bado wanaitegemea, ilianzia kwenye mikeka ya Waganda hao. Kwa hiyo mtoto anayening'inia kwenye gauni hajaharibika. Anahakikisha kituo bado kipo. Na kwa kawaida ni kati ya miezi kumi hivi na mwaka na nusu ndipo hofu ya kuachwa huwa kali zaidi, kwa sababu mtoto ameshajua kwamba mama akitoka mlangoni yupo mahali fulani, ila hajajua saa wala kesho.

Wa kwangu nilimwona anapunguza kuganda siku nilipoacha kumtoroka. Zamani nilikuwa namsubiri ashughulike na vifungo, mimi nanyata mpaka dukani kununua uzi. Nikirudi namkuta mlangoni, kamasi mpaka kidevuni, na siku nzima inayofuata hata chooni siendi peke yangu. Sasa namuaga. Namwambia mama anakwenda dukani, mama anarudi. Analia, naondoka, narudi. Kilio cha kuagwa ni kifupi kuliko kilio cha kuibiwa.

Kuna wazee watakaosema samaki mkunje angali mbichi. Nimeusikia msemo huo mara nyingi mwaka huu, na aghalabu ukisemwa na mtu aliyekwisha inua mkono. Samaki anayekunjwa, ukimwangalia vizuri, ameshakufa.

Nami sijitoi. Nilimchapa mara moja. Alikuwa amevuta kitenge cha mteja kutoka kwenye cherehani, sindano ikavunjika, nikampiga kofi la mkono. Uso ulimshuka, midomo ikacheza, kisha akanyoosha mikono abebwe. Na mimi niliyempiga. Hakuwa na mwingine wa kumkimbilia. Tangu siku ile mkono wangu umekuwa mzito, sitaki kudanganya kwamba ni kwa sababu ya hekima. Ni aibu.

Ninachofanya sasa akivurugika ni kidogo mno, wala hakipendezi machoni pa wateja. Naweka kando chenye makali, nakaa sakafuni karibu naye, nasema maneno machache: umekasirika, ulitaka mkasi, mkasi unakata. Simhubirii, maana ubongo wa umri ule ukishafurika hauna nafasi ya hotuba. Akianza kupoa nampa utepe wa kupimia. Huo ni wake, aukunje, autafune, ampime paka. Siku nyingine haisaidii kitu, analia mpaka achoke, nami nakaa pale nikihesabu oda zilizonisubiri.

Wasiwasi mwingine wa bure ulikuwa wa kutembea. Alianza akiwa na miezi kumi na mitano, baada ya mama mkwe kushauri tumpeleke ufukweni tumfukie miguu mchangani ipate nguvu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yakaonyesha kwamba kutembea peke yake bila kushikwa huja popote kati ya miezi 8 na zaidi kidogo ya 17. Wapo hata wasiotambaa kabisa, wanaruka hatua hiyo wakasimama. Tuliupoteza mwezi mzima wa Bwana Mdogo tukimlinganisha na mtoto wa jirani aliyetembea na miezi tisa, na leo wote wawili wanakimbia kuelekea mtaroni kwa kasi ileile.

Sasa kimya.

Alipofikisha miezi 18 nilimpeleka kliniki kwa chanjo ya pili ya surua. Foleni ndefu, benchi fupi. Alining'inizwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa kwenye kadi, akadungwa, tukaambiwa mtoto yuko vizuri. Nikasema, nesi, hajaongea. Akajibu bila kuinua macho: ataongea, mama, nani anafuata? Simlaumu sana, nyuma yangu walikuwa zaidi ya arobaini. Lakini nchi hii ilizindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya tangu kuzaliwa mpaka miaka minane, na ndani yake mtoto si kilo tu, ni kucheza, kusikia, kusema na kuwa salama. Karatasi ni nzuri. Pale kwenye benchi letu swali bado ni moja, la uzito.

Nyumbani nako nadharia hazikukosekana. Wifi yangu alisema ni udata, ulimi ukatwe kamba ya chini. Jirani akasema tatizo ni kimeo, anamjua mzee anayekata kwa bei nafuu. (Mzee huyo wa wembe mmoja watoto kumi, nisimkute karibu na mlango wangu.) Mwingine akamlaumu mume wangu kwa kumsemesha Kisambaa, kwamba lugha mbili zimemchanganya. Hilo lilinichekesha, maana nusu ya watu wa mtaa huu wamekulia kwenye lugha mbili au tatu na hakuna anayekaa kimya hata kwenye msiba. Baadaye nilielezwa kwamba anayelelewa kwa lugha mbili unahesabu maneno ya zote kwa pamoja, hupunguzi.

Kuna lawama moja niliyoikubali, ya simu. Msimu wa Idi nilimpa katuni ili nimalize oda, na si kwa dakika tano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na sababu naiona mwenyewe: katuni inasema mfululizo bila kumsubiri ajibu. Mtoto anajifunza kusema kwa kurudishiana, mimi nasema, yeye anatoa sauti, nami naipokea kana kwamba ni neno. Simu haijui kupokea.

Nikaanza kumchunguza. Nikiita jina lake nyuma yake, mara anageuka, mara hageuki. Nikitikisa funguo mbali, hajali. Ananyoosha kidole anionyeshe paka? Ndiyo. Nikisema leta kiatu bila kuashiria? Ananitazama mdomoni. Lile la kutazama mdomo ndilo lililonipandisha daladala mpaka kliniki ya masikio, pua na koo, Bwana Mdogo akiwa na miezi 22.

Walichokuta ni maji yaliyojikusanya nyuma ya ngoma za masikio, huenda kwa mafua yasiyoisha. Hayaumi, hayatoi usaha, kwa hiyo nyumbani huyaoni. Mtoto anasikia kama mtu aliyezama ndani ya pipa. Daktari alisema mara nyingi hukauka yenyewe, kwa hiyo tusubiri miezi mitatu apimwe tena. Aliniambia pia nimsemeshe nikiwa usawa wa macho yake, redio izimwe, na niandike kila neno jipya. Na kwamba akiwa na miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, kama mama njoo au taka maji, nirudi hata kabla ya tarehe. Na kwamba mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo haongojwi hata wiki.

Nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi nikamfikiria yule wa kwenye mkasi. Labda nilishasema usiguse mara tatu na hakusikia hata moja. Labda alisikia mama akinguruma tu, kisha mkono ukamnyang'anya. Na mimi ningekuwa ndani ya pipa ningegalagala.

Maneno yake nayaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za mwisho. Yako manne. Wiki iliyopita alinionyesha kabatini, juu, ninakouficha mkasi siku hizi, akasema "tasi." Mume wangu anasema alikuwa anataja basi lililopita. Wifi anaapa ni mkasi. Nimeliandika la tano, chini ya mabega na kiuno cha mteja wa Jumamosi, nikaweka alama ya kuuliza.