Spoku 20 au 32? Gurudumu la baiskeli ya mbio kwenye barabara zetu

Ting! Sauti ilikuwa ndogo, kama kijiko kimegonga glasi. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, natoka Bagamoyo narudi Dar es Salaam, Mapinga iko mbele yangu, na nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kupita juu ya zile rasta zinazotikisa mpaka meno. Kabla sijafika mbali, tairi la nyuma likaanza kusugua fremu: shwaa, linaachia, shwaa, linaachia. Nikashuka. Spoku moja tu ilikuwa imekatika, lakini gurudumu lenyewe lina spoku 20, na rimu ilikuwa imevutwa upande mmoja kiasi cha unene wa kidole.

Fundi niliyemkuta chini ya mwembe, jirani na kijiwe cha bodaboda, aliipindua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akaliinamia. "Kaka, spoku ninazo, tena mpya. Ila hizi zako hazina shingo." Akanionyesha. Spoku zake zote zina kikona kwenye kichwa, kile kinachonasa kwenye tundu la habu, kitovu cha gurudumu. Zangu zimenyooka kama sindano, bapa katikati, na nipeli, kile kikofia kinachokaza spoku kwenye rimu, zimefichwa ndani kabisa. Ili azifikie lazima tairi litoke na utepe wa rimu ubanduliwe, halafu hata akizifikia hana spoku ya kuweka. Nililipa bajaji mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo, wenzangu ninaoendesha nao wamegawanyika. Kuna wanaosema nilijitakia: barabara za huku zinataka gurudumu la spoku 32, rimu ya alumini, lililosukwa kwa mkono. Wengine wanasema spoku moja kukatika baada ya miaka mitatu ya kuendesha kila wiki si kosa la gurudumu, na kwamba hao wa spoku 32 wanakata spoku kila msimu, hawasemi tu. Nimewasikiliza wote, na naona wanabishana juu ya mambo mawili tofauti kwa jina moja. Kuna gurudumu kudumu, yaani linakaa muda gani kabla halijaharibika. Na kuna gurudumu kutegemeka, yaani siku likiharibika, utafika nyumbani au hutafika. Gurudumu langu lilidumu vizuri tu. Kutegemeka ndiko kulikolishinda.

Kwanza tuangalie spoku inavyokatika, maana wengi wanadhani inakatika kwa kishindo cha shimo. Gurudumu la baiskeli halijakaa juu ya spoku za chini kama meza ilivyokaa juu ya miguu yake. Spoku zote zimekazwa na kuvutwa, kwa upande wa mnyororo wa gurudumu la nyuma mara nyingi kwa nguvu ya kilo 100 hadi 120 kila moja. Uzito wako unapokuja, zile zinazopita chini zinalegea kidogo, zikipanda juu zinajikaza tena. Gurudumu la mbio likizunguka mara moja linatembea mita 2.1 hivi, kwa hiyo kila kilomita ni mizunguko kama 476, na kila kilomita 100 ni mizunguko kama 47,600. Kila spoku inalegea na kukaza mara hizo zote. Chuma kinachoka. Siku kikikatika, hukatika pale kilipochoka zaidi, mara nyingi shingoni kwenye habu, na shimo ulilopita dakika ile linabebeshwa lawama ya kazi ya miezi mingi.

Hapo watetezi wa magurudumu ya kisasa wana hoja nzito, na nadhani wapinzani wao hawaijibu ipasavyo. Spoku isiyo na shingo haina pa kuchokea shingoni. Rimu ya kaboni iliyo ndefu kwenda chini ni ngumu, haiyumbi, kwa hiyo kila spoku inalegea kidogo tu inapopita chini. Na magurudumu mazuri ya kiwandani hutoka spoku zikiwa zimekazwa kwa ulinganifu, jambo ambalo fundi wa haraka haraka hulipata kwa bahati. Adui mkubwa wa spoku ni kulegea kupita kiasi, na gurudumu la spoku nyingi lililokazwa ovyo litakata spoku mapema kuliko la spoku chache lililokazwa sawasawa. Nimeona rimu ya spoku 36 inayolia kama njuga kila kona ya barabara kwa sababu nusu ya spoku zimelegea kama nyuzi za gitaa bovu.

Wanaongeza ushahidi wa mashindano. Paris–Roubaix, mbio za Ufaransa zenye zaidi ya kilomita 50 za barabara za mawe, kwa miaka mingi zilikuwa ngome ya rimu za alumini za spoku 32. Mwaka 2010 mkimbiaji Fabian Cancellara akazishinda akiwa juu ya kaboni, na leo ni nadra kuona kitu kingine pale. Septemba 2025 Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia, ya kwanza kufanyika Afrika, wakimbiaji walikipanda na kukipanda tena kilima cha mawe cha Kimihurura juu ya rimu za kaboni.

Ni kweli. Lakini mkimbiaji wa Roubaix anafuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba juu, na ana fundi ambaye usiku huo atakagua kila spoku. Kwake, gurudumu imara ni lile lililomaliza saa sita za mbio. Mimi nyuma yangu kuna Coaster ya Bagamoyo inayopiga honi. Ushahidi wa Roubaix unaniambia kaboni haivunjiki kirahisi. Hauniambii lolote kuhusu Jumamosi saa tatu asubuhi, Mapinga.

Kwa gurudumu la spoku 32, moja ikikatika, zile 31 zinagawana mzigo. Rimu inayumba kidogo, unaifungua breki kama ni ya kubana rimu, unaizungushia spoku iliyokatika kwenye jirani yake isicheze, unaendelea. Kwenye spoku 20 kila moja imebeba sehemu kubwa ya kazi, na ikiondoka rimu inakimbilia upande wa pili. Idadi ndiyo bima. Na uzito unaolipwa kwa bima hiyo ni kichekesho: spoku nzuri ina gramu 6 hivi, nipeli ya shaba gramu 1. Spoku 12 za ziada ni gramu 84. Ni funda chache za maji kwenye chupa yako. Gharama ya kweli iko kwenye upepo unaokupinga, maana spoku nyingi zinakata hewa zaidi, na kwa anayeshindana dhidi ya saa hilo si dogo. Kwa sisi tunaosimama Kerege kunywa madafu, tuseme ukweli, ni la kujifariji.

Hata hivyo siwezi kuungana na wale wanaoiimba alumini kama kwamba haina kifo. Yangu ya kwanza iliisha bila kukata spoku hata moja. Ilikuwa ya breki za kubana, na masika mbili za mchanga na tope ziliusaga ukuta wa rimu kama jiwe la kunolea. Unapobana breki kwenye mvua, raba imejaa mchanga, unasikia kabisa ule mkwaruzo, na kila mkwaruzo unaondoka na alumini. Rimu nyingi zina kijistari au kitundu cha kukuonyesha kikomo. Kikifutika, rimu imekwisha, na ukiendelea kuijaza upepo siku moja ukuta unapasuka. Ukitaka kujua, pitisha kidole: ukuta ukiwa umebonyea kama kijiko, usiuamini. Kaboni kwa breki za kubana ina ubaya wake mwingine, kwenye mteremko mrefu inapata joto hadi gundi yake inalainika. Breki za diski, zilizoruhusiwa rasmi kwenye mbio za kulipwa mwaka 2018, zimemaliza ugomvi huu pande zote mbili, kwa sababu rimu haiguswi tena. Kama kuna badiliko moja lililorefusha maisha ya rimu za mbio, naona ni hilo, kuliko kaboni yenyewe.

Kwa tunaoishi pwani kuna la zaidi ambalo matangazo ya Ulaya hayaligusi: chumvi. Nipeli za alumini zikikaa kwenye rimu ya kaboni, halafu zikapata unyevu wenye chumvi, huliwa kimya kimya. Siku unataka kunyoosha rimu, ufunguo unazunguka na kichwa cha nipeli kinabaki mkononi. Nipeli ya shaba ina uzito zaidi kidogo na haina tabia hiyo. Ukiagiza gurudumu, uliza hilo kabla hujauliza gramu.

Kwenye habu upepo unageuka tena. Mafundi wetu wanazipenda habu za gololi na koni, maana wanazifungua, wanaosha kwa petroli, wanapaka grisi, kazi ya nusu saa. Lakini maji yakiingia na mwenyewe akasahau, gololi zinachimba kikombe kilicho sehemu ya habu, na hapo habu nzima inakwenda kwenye chuma chakavu. Habu za kisasa zinatumia beringi zilizofungwa, ambazo huuzwa kwa namba. Beringi ya 6902 ni tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 28, unene 7, na muuza beringi hajali kama unaipeleka kwenye baiskeli au kwenye mota ya kiwandani. Katika hili kitu cha kisasa ndicho rahisi kurekebishika, na wapenzi wa vya zamani wakubali tu.

Tairi linasahaulika katika ubishi wote huu, ingawa ndilo linalopokea kipigo kwanza. Nusu ya wanaolalamikia rimu mbovu wanaendesha tairi la milimita 23 lililojazwa upepo hadi linalia kama ngoma. Milimita 28 au 30, upepo ukipunguzwa, zinaipa rimu mto wa kulalia. Ila pana lina masharti yake. Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, tairi la mkimbiaji Thomas De Gendt lilitoka kwenye rimu akaanguka. Rimu ilikuwa ya aina isiyo na ule mdomo wa ndani unaoling'ata tairi, upana wa ndani milimita 25, na tairi lilikuwa la 28, wakati viwango vilivyokuwa vimetoka karibuni vilitaka 29 kwenda juu. Tofauti ya milimita moja! Rimu za aina hiyo zina kikomo cha upepo cha bar 5, kama 72 kwa PSI. Nenda kajaze kwa kompresa ya kituo cha mafuta, isiyojua rimu wala kikomo, uone.

Na tukiwa kwenye matairi: ukimwambia muuza duka "tairi la 28", huenda akakupa la Phoenix, ile baiskeli ya kawaida ya mizigo. Hilo ni la rimu ya milimita 635. La baiskeli ya mbio ni 622. Yote yanaitwa 28, ila la Phoenix litapwaya kwenye rimu yako, halitakaa.

Basi nimeamuaje? Gurudumu la spoku 20 sikuliuza. Lilipata spoku yake mpya baada ya wiki tano za kusubiri mzigo, na linatoka siku za mashindano, ambapo kuna gari nyuma. La kila Jumamosi nimesukiwa Kariakoo: alumini, breki za diski, spoku 32 nyembamba katikati na nene kwenye ncha, za shingo, nipeli za shaba. Fundi alipomaliza alizishika spoku mbili mbili akazibana kwa viganja, gurudumu zima, likalia tik tik tik, kisha akalinyoosha upya. Asiyefanya hivyo anakuachia spoku zitakazojinyoosha zenyewe barabarani. Gia za nyuma zinalazimisha upande wa mnyororo uwe na spoku fupi kidogo kuliko upande wa kushoto, kwa hiyo nimefunga tatu za akiba kwa selotepu kwenye bomba la kiti: mbili za kulia, moja ya kushoto.