Tuoneshwe mabomba kabla ya geti

Waendelezaji ardhi wanaoanzisha miji midogo hapa Unguja wana mpangilio wao. Linatangulia geti, inafuata nyumba ya mfano, kisha nyumba nyingine zinauzwa zikiwa bado kwenye michoro. Mabomba ni habari ya baadaye. Kwa maoni yangu, kisiuzwe kiwanja hata kimoja kabla mabomba ya maji machafu hayajalazwa, yakajaribiwa na kufukiwa.

Haja ya miji yenyewe haina ubishi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Ndiyo maana ghorofa za Fumba Town, mmoja wa miji hiyo mipya, zimeota kwenye rasi ambayo zamani ilikuwa ya wavuvi na wakulima.

Tatizo ni kwamba huko ni uwandani, yaani kwenye ardhi ya mawe. Sehemu nyingi ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina matundu na nyufa zinazopitisha maji upesi bila kuyachuja. Karo moja, yaani shimo la maji machafu, la nyumba ya shamba halina neno. Makaro mia mbili yaliyobanana yanamwaga uchafu kwenye maji yaleyale yanayovutwa na visima.

Na maji yenyewe ni machache. Chini ya rasi kama ile maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi zilizo chini yake. Ukivuta mpaka usawa wa maji matamu ukashuka nusu mita, chumvi itapanda taratibu hadi mita 20. Kila mwenye nyumba akichimba kisima chake, vya karibu na pwani vitaanza kuharibika, vingine vitafuata. Kisima kipimwe chumvi mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, pampu ikiwa imeshavuta saa kadhaa mfululizo. Kipimo cha katikati ya mvua kinamfurahisha muuzaji tu. Hesabu ya matumizi nayo haina ugumu: nyumba 200, watu 5 kila nyumba, lita 120 kwa mtu, ni lita 120,000 kwa siku. Akiba ya siku mbili ni tangi la lita 240,000. Mwendelezaji asiyekuonesha tangi hilo kwenye ramani hajapanga mji.

Bomba la maji safi linasukumwa na pampu, kwa hivyo linaweza kupanda na kuzunguka. La maji machafu linafuata mteremko. Bomba la milimita 160 likipewa mteremko wa 1 kwa 100, baada ya mita 300 limeshashuka mita 3, na mita hizo zinachongwa kwenye jiwe kwa mashine ya kuvunjia mawe. Hapo ndipo fedha zinapokwenda, na ndipo wengi wanapopunguza: mteremko unalazwa, uchafu unatuama, bomba linaziba. Kazi ianzie mahali pa chini kabisa, penye mtambo wa kusafishia, ipande kuelekea nyumba. Shimo la ukaguzi liwekwe kila mita 50 hivi na kila penye kona. Chini ya bomba na ubavuni pake uwekwe mchanga wa sentimita 10. Mafundi wakifukia kwa kifusi kilekile cha matumbawe, ncha za mawe zinatoboa plastiki. Kabla ya kufukia, bomba lizibwe, lijazwe maji, liachwe litazamwe kama maji yanapungua.

Baadaye ndiyo yaje maji safi, kisha nyaya za umeme, barabara mwisho kabisa. Chini ya kila barabara yapitishwe mabomba matupu ya akiba. Lami ikikatwa baadaye, kiraka chake hudidimia masika ya kwanza tu.

Kuna kazi inayotangulia zote hizo, nayo haihitaji mashine. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, lakini mnazi una mwenyewe. Miti ihesabiwe mbele ya sheha na mwenye miti, ipigwe namba kwa rangi, orodha isainiwe siku ileile. Kinachosahaulika sana ni miche, makaburi, na njia ya kuteremkia pwani. Njia hiyo ichorwe kwenye ramani kabla ya bikoni ya kwanza, nguzo ya mpaka wa kiwanja, kusimikwa, kwani wavuvi na kinamama wa mwani hawatazunguka kilomita mbili kwa sababu ya ukuta wa mtu. Wataupita, na watakuwa na haki.

Sheria ya kondominia ya 2010 imefungua mlango wa kumiliki nyumba ndani ya ghorofa, na hilo ni jema. Ila mkataba useme wazi nani atalipa umeme wa pampu ya maji machafu, pale mteremko peke yake usipotosha, mwendelezaji akishauza nyumba ya mwisho na kuondoka. Umeme ukikatika na jenereta haina mafuta, uchafu unarudi kwenye vyoo vya ghorofa ya chini. Shimo la pampu lijengwe la kubeba uchafu wa saa 6 angalau, na gharama ya mafuta iandikwe kwenye ada ya mwezi tangu siku ya kusaini.