Sampuli ikipanda ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA), mtafiti anabaki na nini?

Maji ya maziwa ya magadi kama Natron na Momella yanaonekana hayafai kwa lolote, kumbe yamejaa uhai. Bakteria wa kijani-buluu, wale tunaowanunua madukani kwa jina la spirulina, ndio chakula cha heroe mdogo na ndio wanaompa rangi yake. Anayetaka kujua ni vijidudu gani vingine vinaishi humo halazimiki tena kuviotesha kimoja kimoja maabara, maana vingi havioti. Anachota maji, anayachuja, anatoa DNA yote iliyomo na kuisoma kwa mkupuo mmoja. Mtu anaweza kufanya kazi hiyo maisha yake yote bila kuhama mkoa wa Arusha.

Ubishi unaanza DNA ikishatolewa: isomwe hapa au isafirishwe?

Wanaotaka isafirishwe wana hoja nzito. Mashine ya kusoma vinasaba inakula kemikali zinazotunzwa kwenye baridi kali na zenye tarehe ya mwisho. Tena inasoma sampuli nyingi kwa pamoja, hivyo kuiwasha ikiwa nusu tupu ni hasara. Mwanafunzi wa uzamili pale Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, mwenye sampuli 40 hawezi kungoja wenzake wajaze nafasi huku muda wa masomo unamwishia. Kituo kikubwa cha ng'ambo kinapokea kazi za watu wengi kila siku, kwa hiyo humrudishia majibu upesi na kwa bei nafuu. Siwezi kumlaumu akipeleka huko.

Halafu kuna suala la nani analipa. Taasisi ya utafiti wa tiba ya KCRI ya Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, imekuwa ikisoma jenomu, yaani DNA nzima, za bakteria sugu kwa dawa chini ya mradi wa SEQAFRICA, uliofadhiliwa na Fleming Fund ya Uingereza. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufunga mfuko huo. Mashine kuwepo Moshi ni jambo moja. Kuilisha kila mwezi ni jingine.

Hata hivyo, ukaribu na mahali pa utafiti una thamani yake, na mfano ninaoupenda ni wa Marekani. Thomas Brock alirudi mwaka baada ya mwaka kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, na mwaka 1969 yeye na Hudson Freeze wakamtangaza bakteria Thermus aquaticus. Walimweka kwenye hazina ya vijidudu ambako mtafiti yeyote angeweza kumpata. Kimeng'enya chake ndicho kilichokuja kuirahisisha PCR, njia ya kunakili DNA na kipimo kilichojulikana na kila mtu wakati wa Korona, na Kary Mullis aliyeibuni PCR akapata Nobel mwaka 1993. Hifadhi ya Yellowstone haikupata mrabaha. Wapo wanaousoma mkasa huu kama onyo: usiachie mali yako. Mimi naona zaidi ya hapo. Swali lenyewe lilizaliwa kwa mtu aliyesimama kando ya chemchemi, tena si mara moja.

Tazama Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 utafiti wa vijidudu vya tumboni mwa Wahadzabe 27 ulionyesha kwamba hawana bifidobakteria, wanaohesabiwa kwingineko kuwa dalili ya afya. Mwaka 2017 utafiti mwingine ukaonyesha vijidudu hivyo vinabadilika kati ya kiangazi na masika. Kazi zote mbili ziliongozwa na maabara za Ulaya na Marekani. Lakini ni nani anayeweza kufuatilia misimu kumi mfululizo kwa urahisi kuliko mtafiti anayeishi Karatu, jirani na ziwa hilo?

Kwa hiyo mimi sipingi chupa kupanda ndege. Kinachoniuma ni hatua inayofuata. Majibu hurudi kama mafaili ya herufi A, C, G na T, mamilioni kwa mamilioni, na anayeyafasiri ndiye anayeandika makala na kuwa mwandishi wa kwanza. Kazi hiyo haihitaji kemikali wala friji. Inahitaji kompyuta yenye nguvu, intaneti na miaka ya kujifunza kuandika programu, vitu vinavyowezekana Tengeru leo. Ila mara nyingi tunaiachia ng'ambo pamoja na chupa.

Mkataba wa kuhamisha sampuli husainiwa kabla mzigo haujaondoka. Hapo ndipo iandikwe kwamba mafaili yote yanarudi Arusha, na kwamba wa kwanza kuyachambua ni yule aliyechota maji.