Fungate ya Mtu Mmoja

Mwajiri wangu wa London alinikumbusha kwamba siku za likizo nisizozitumia zingefutwa mwisho wa Septemba. Rafiki zangu walikuwa wamekwisha kuzimaliza zao kwa harusi na misiba, nami nikaamua kwenda peke yangu mahali ambapo hakuna anayenijua. Wakala mmoja wa safari alikuwa na nafasi katika kisiwa cha Saint Lucia kwa bei iliyonitia shaka, lakini shaka hiyo niliielekeza kwenye vimbunga, maana msimu wake katika Karibi huanza Juni na kuishia Novemba, na ndipo hoteli hushusha bei. Wakala aliniambia tu kwamba chumba kinatazama milima na kwamba wateja waliokishika wameahirisha. Hakusema wameahirisha nini.

Uwanja wa ndege wa Hewanorra uko Vieux Fort, kusini kabisa mwa kisiwa, na barabara ya kutoka hapo hadi Soufrière ina kona nyingi kiasi kwamba nilizisoma dua zote nilizofundishwa madrasa. Hotelini walinipokea vijana wawili wenye mashada mawili ya maua. La kwanza walinivika, la pili wakabaki nalo mkononi huku wakichungulia ndani ya gari kumtafuta bwana harusi. Nilipowaeleza kwamba niko peke yangu, mmoja wao aliinamisha kichwa kama aliyepewa taarifa ya msiba, na jioni hiyo nikaletewa keki ambayo sikuiagiza.

Kitanda kilikuwa kimetapakaa maua mekundu, na katikati yake taulo zilikunjwa zikawa bata maji wawili wanaobusiana. Dirishani ilionekana milima ya Pitons, ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2004: Gros Piton wenye kimo cha mita 770 na Petit Piton wenye mita 743. Hata milima ya huko imekuja kwa jozi. Nilikipiga picha kitanda kile, nikaiweka kwenye hali ya WhatsApp na neno moja tu, "Hatimaye!", nikiwa na maana ya likizo, kisha nikalala. Kwangu ilikuwa saa nne usiku. Tanga ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na shangazi yangu alikuwa macho akisubiri sala.

Asubuhi meza yangu iliandaliwa kwa watu wawili, kwa kuwa ndivyo ilivyolipiwa. Nilikula sahani zote mbili za ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi, mlo wa taifa wa kisiwa hicho, pamoja na shelisheli la kuchoma, tunda ambalo Nahodha William Bligh alilifikisha Karibi mwaka 1793 ili liwalishe watumwa na ambalo sisi Tanga hulipika kwa nazi. Kisha nikaenda Sulphur Springs, volkano ambayo gari hufika karibu kabisa na kasoko yake, hewa yote ikinuka mayai viza. Wageni hujipaka tope la moto, wakaliacha likauke, ndipo wakaoga. Waliokuwepo wote walikuwa wawili wawili, wakipakana migongo. Mgongo wangu ulibaki mkavu hadi kijana mmoja mwongozaji, naye akiwa ametapakaa tope kutoka utosini hadi vidoleni, aliponihurumia. Mke wa mtu mmoja akatupiga picha, nami nikamtumia dada yangu ili acheke.

Niliporudi chumbani nilikuta simu imejaa. Kulikuwa na kundi jipya lililoitwa "Kamati ya Mapokezi", lenye mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya michango. Baba mdogo alikuwa ameandika mara kadhaa akitaka kujua ni nani aliyekuwa walii wangu, ilhali yeye yuko hai na hajasafiri. Chini yake ilikuwapo picha ya volkano, na binamu zangu wakibishana kama bwana harusi ni Mhindi au Mpare.

Nikampigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Sijaolewa."

"Marahaba. Na huyo anayekusugua mgongo?"

"Ni mwongozaji wa watalii. Hata jina lake silijui."

"Jina lake hulijui na mgongo wako anaujua! Mwanangu, hata mtu wa tope ana kwao. Nasi mbuzi tumekwisha kumnunua, yuko uani anakula nguo zangu."

Nilimsihi awarudishie watu michango yao. Alicheka hadi akakohoa, maana hakuna mweka hazina wa ukoo wetu aliyewahi kurudisha mchango. Baada ya kimya kirefu akaniuliza, safari hii kwa sauti ya upole, kama kijana yule ana mke. Nikajibu kwamba sikumuuliza.

"Basi kesho rudi volkano," akasema, "ukaoge tena."