Bakteria wa shambani ni mifugo, tuwatunze kama mifugo

Pakiti ya bakteria wa kupaka mbegu ilikuwa juu ya kaunta, karibu na dirisha, na jua la saa saba mchana lilikuwa likiipiga moja kwa moja. Muuzaji akaipangusa vumbi kwa kiganja, akanikabidhi. "Dada, hii ukipaka kwenye mbegu ya mahindi, mbolea ya yurea hununui tena." Ilikuwa mwezi wa pili, na joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili tunalijua. Duka lenyewe lilikuwa la bati, halina dari. Nikalipa, maana masika yalikuwa yanakaribia na shamba langu la Chanika lilikuwa limeshalimwa.

Mahindi yalitoka manjano. Majani ya chini yalianza kukauka nchani, unjano ukashuka katikati ya jani mithili ya herufi V. Bwana shamba yeyote akiiona alama hiyo atakwambia mahindi yana njaa ya naitrojeni. Nilimkasirikia muuzaji, kisha nikaanza kuuliza na kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba bakteria wenyewe hawana kosa. Kosa liko katika namna tunavyowauza na tunavyowatumia.

Naitrojeni ni kama asilimia 78 ya hewa tunayovuta, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewani. Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha jinsi ya kuifunga iwe amonia, na viwanda vya mbolea mpaka leo vinafuata njia hiyo, kwa joto la nyuzi mia nne na zaidi na mgandamizo mkubwa mno. Bakteria wa udongoni wanaifanya kazi hiyohiyo kwenye kichanga cha Chanika, bila moshi na bila meli kusubiri gati bandarini. Nikilifikiria hilo, bado linanishangaza.

Ila bakteria hawafanani, na hapa ndipo wakulima tunapodanganywa. Raizobiamu hujenga vinundu kwenye mizizi ya jamii ya mikunde: kunde, maharage, soya, mbaazi, karanga. Kwenye mahindi hawajengi vinundu hata umwagie ndoo nzima. Wanaofaa mahindi ni wengine, na anayejulikana zaidi ni Azospirilamu, ambaye huishi kwenye ngozi ya mzizi na kuuzunguka. Huyu hufunga naitrojeni kidogo tu. Faida yake kubwa ni kutoa homoni inayoufanya mzizi utawanyike na kuota vinyweleo vingi, mmea ukanywa maji na kula chakula kutoka eneo pana zaidi.

Sasa fikiria udongo wetu wa Pwani. Ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio, na mboji ni kidogo. Ukiupa mmea wa mahindi mizizi mingi kwenye udongo usio na kitu, utakula nini? Umeupa mdomo mkubwa, sahani ni tupu. Ndiyo maana Brazili, nchi iliyokwenda mbali kuliko zote katika jambo hili, haiwaambii wakulima wake waache mbolea. Mtafiti wao Mariangela Hungria, aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025, ametumia miaka mingi kwenye bakteria hawa, na kwa mahindi ushauri wanaoutoa ni kupunguza takribani robo ya naitrojeni ya kukuzia, ile inayowekwa mahindi yakiwa yameshaota. Robo. Kwa mkulima anayenunua mifuko minne ya yurea, mfuko mmoja unabaki dukani na hela yake inabaki mfukoni. Hiyo ni faida kubwa, na ndiyo angeniambia yule muuzaji.

Watu hunitajia pia mahindi ya Oaxaca, Meksiko, ambayo watafiti waliandika habari zake mwaka 2018. Yanaota mizizi ya angani inayotoa ute mzito, na ndani ya ute huo bakteria hufunga naitrojeni. Vipimo vilionyesha kati ya asilimia 29 na 82 ya naitrojeni ya mmea ilitoka hewani. Ni habari ya kweli na ya kusisimua. Lakini mahindi yale hukaa shambani miezi kama 8, na mvua zetu hazina subira hiyo.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilianza na bakteria wa bure. Wakati wa vuli nilipanda kunde kwenye nusu ya shamba. Kunde hazichagui sana bakteria, huwa zinawakuta wenyeji ardhini. Wiki ya sita hivi niling'oa mche mmoja taratibu kwa jembe dogo, nikausuuza kwenye ndoo, nikapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Rangi hiyo ndiyo ushahidi kwamba kazi inafanyika. Kikiwa kijani au kijivu, kimechoka. Nilimwita mzee wa shamba la jirani aje aone. Akainama, akatazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, miaka yote hii mimi nilidhani hayo ni magonjwa."

Alikuwa akiving'oa na kuvichoma moto.

Na wengi wetu tunafanya hivyo. Tukishavuna kunde tunang'oa mti mzima, tunakusanya, tunachoma, kisha tunakwenda kukopa hela ya yurea. Kata shina, mizizi uiache ardhini, majani uyatandaze. Mboga ya majani ya kunde chuma, lakini usiumalize mche. Ongeza mbolea ya kuku, ambayo Dar es Salaam haikosekani kwa sababu kila mtaa una banda. Masika yalipofika, mahindi ya upande ule yalisimama kijani mpaka yakabeba, na unjano wa ule upande mwingine ulionekana hata kutoka barabarani.

Sasa ndiyo nimerudi kwenye pakiti, na safari hii ninauliza. Bakteria gani? Wa zao gani? Tarehe ya mwisho ni ipi? Ilikuwa imehifadhiwa wapi? Kama jibu ni "hapohapo juani", natoka. Muuza chanjo ya kuku hawezi kuiweka dirishani tukamvumilia. Kwa nini huyu tumvumilie? Wanaosimamia pembejeo wapite madukani watazame joto, wasitazame lebo tu. Na mkulima ajue kwamba mbegu iliyopakwa rangi nyekundu au kijani ina dawa ya ukungu, na dawa hiyo inaweza kuwaua bakteria hata kabla ya mvua ya kwanza. Mbegu ya namna hiyo usiipake. Wachanganye bakteria na maji safi yasiyo ya klorini, uwamwagie shimoni wakati wa kupanda, ufukie papo hapo.

Ya mwaka huu iko kwenye friji yangu, rafu ya chini, imefungwa kwenye mfuko mweusi. Mvua ikishalowesha vizuri nitaipeleka Chanika alfajiri kwenye kibegi chenye barafu. Mistari kumi nitaitilia, kumi nitaiacha, na yurea ya kukuzia nitapunguza robo kote. Mzee wa jirani ameomba naye apewe mistari miwili.