Sikusema Willy Gamba ni Mtoto wa Bwana Msa

Naanza na masahihisho. Rafiki yangu (anajijua, na elfu kumi yangu anaijua pia) amewatangazia kwamba Jumamosi, mbele ya kikundi chetu cha wasomaji, nilisema Willy Gamba ni mtoto wa Bwana Msa (wote wapelelezi wa riwaya, kila mmoja na mwandishi wake). Uzushi mtupu. Nilisema Willy Gamba ni jina la bandia la Bwana Msa.

Haya, chekeni mmalize.

Mnanifahamu, mimi ni mtu wa manga, vile vitabu vya katuni vya Wajapani. Wenzangu wamechoka kusikia habari za vijana wenye nywele kama mikuki, wakanipa adhabu: nichambue Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960. Nikaipata Posta, kwenye vitabu chakavu vinavyotandazwa chini, mgongo umejaa gundi. Nikaianza usiku, nikashindwa kulala. Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni, wanamsaka aliyemuua Bwana Ali. Utamu!

Karibu na mwisho namba za kurasa zikaruka. Nikasema, zimenyofoka chache. Karatasi zikawa nyeupe zaidi. Nikasema, hizi hazikupigwa jua. Mara kiko hakipo, Najum hayupo, tuko Kinshasa risasi zinalia.

Mwenye akili angeshtuka. Mimi manga zimenifundisha kwamba shujaa hubadilika umbo kabla ya pambano la mwisho. Nikaona Mzanzibari huyu kawatangulia Wajapani!

Jumamosi nikasimama. Nimechomekea, jamani. "Ujasiri wa mwandishi," nikasema taratibu kama mhadhiri, "unaonekana pale Bwana Msa anapoweka kiko chini na kushika bastola."

Kimya. Nikadhani nimewagusa.

"Anajificha kwa jina la Willy Gamba."

Kijana wa mbele akaacha kutafuna, nikaiona karanga imekaa ulimini. Aliyekuwa akiandika akafunga daftari. Ningeketi hapo ningepona. Lakini nilikuwa na ukurasa mzima wa maelezo, nao nimeuandika kwa kalamu mbili za rangi.

"Na pale Kinshasa, kule Zaire..."

Mama mmoja wa Unguja, ambaye huwa hachangii neno, akainua kidole. "Mwanangu, umesema kitabu cha mwaka gani?"

"1960, mama."

"Mwaka huo Kinshasa ukiitwa Léopoldville. Jina la Zaire limekuja 1971. Huyo mwandishi alikuwa mtunzi au mpiga ramli?"

Kwapa zikalowa. Akakiomba kitabu. Akavaa miwani. Akalamba kidole, akafunua jani moja, la pili, akafika penye mstari wa gundi, akausugua kwa ukucha huku watu ishirini wakitazama ukucha.

"Hiki cha mbele ndicho. Hiki cha nyuma ni Kikosi cha Kisasi, cha Musiba, mtunzi wa huyo Willy Gamba wako." Akanitazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyonimaliza. "Umeozwa wawili bila kujua."

Kicheko kikapasuka, mmoja akatoka nje kukohoa, nikanunua soda za watu wote, nikapanda daladala isiyokwenda kwetu.

Kwa hiyo mpaka leo sijui nani alimuua Bwana Ali, na atakayeniambia namfungia. Yule mama amekubali kuniazima nakala yake. Ila kasema atahesabu kurasa kwanza, mbele ya mashahidi, wakati wa kunipa na wakati wa kurudisha.